Jino la mtoto limeng'oka, limemeguka au linauma: anzia wapi, simama wapi

Damu ya kinywani hutisha kuliko jeraha lenyewe. Matone machache yakichanganyika na mate yanajaza kinywa, mtoto analia, mzazi anababaika, na katika babaiko hilo jino linaokotwa sakafuni, linafutwa vizuri kwa tishu, linakunjwa na kutiwa mfukoni. Kwa nia njema kabisa, jino limeuawa. Mwongozo huu unafuata kile unachokiona kwa macho. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia na cha nadra kinafuata, na kila mahali utaona ni lini uache kujaribu mwenyewe.

Mambo mawili kabla ya kugusa jino

La kwanza ni kichwa cha mtoto. Kama alizimia hata kwa sekunde chache, anatapika, anasinzia isivyo kawaida yake, anajibu maneno yasiyoeleweka, au damu ama majimaji yanamtoka masikioni au puani, mpeleke hospitali moja kwa moja. Jino litiwe kwenye maziwa, lifuate njiani. Vivyo hivyo kama anapumua kwa shida.

La pili ni swali: hili ni jino la utotoni au la ukubwani? Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, kwa sababu kile kinachookoa jino la ukubwani ndicho kinachodhuru la utotoni.

Meno ya utotoni ni 20, na kwa kawaida huwa yameota yote mtoto anapokaribia miaka 3. Ya ukubwani huanza kwenye miaka 6 hivi, kwa meno mawili ya mbele chini na magego yanayoota nyuma ya yale ya utotoni. Meno ya mbele juu, ambayo ndiyo huumia zaidi, hubadilika kati ya miaka 7 na 8. Kwa hiyo jino la mbele la mtoto wa miaka 4 ni la utotoni, na la mtoto wa miaka 10 ni la ukubwani. Utata uko kati ya miaka 6 na 8. Hapo litazame jino lenyewe: la utotoni ni dogo, jeupe kama maziwa, ukingo wake laini, la ukubwani ni pana, linaelekea umanjano kidogo, na likiwa limeota karibuni ukingo wake una vichongoka vitatu kama meno ya msumeno.

Jino limetoka lote

Yanayoweza kuwa yametokea, kuanzia lile la kawaida:

- *Wakati wake umefika.* Geuza jino uangalie chini: halina mzizi, kuna kishimo tu chenye kingo zilizolika. Mtoto aume kitambaa safi dakika 10, basi. Hakuna dharura.
- *Jino la utotoni limeng'olewa na kipigo.* Lina mzizi mzima. Usilirudishe. Chipukizi la jino la ukubwani limelala mfupani nyuma tu ya mzizi huo. Ukilisukuma la utotoni ndani unaliumiza linalokuja, na unaweza kuingiza vijidudu. Zuia damu, chukua jino uende nalo kwa daktari wa meno siku hiyo au kesho yake, athibitishe kwamba limetoka lote na kwamba meno jirani yako salama.
- *Jino la ukubwani limeng'oka.* Hii ndiyo dharura ya dakika. Maelezo yako hapa chini.
- *Jino limedondoka na mzizi wake mzima bila kipigo chochote, kwa mtoto wa chini ya miaka 5.* Ni nadra, lakini si jambo la kulinyamazia. Linaweza kuwa ugonjwa wa mifupa au wa fizi, na daktari anahitaji kuliona jino lenyewe.

Kwa jino la ukubwani, fahamu kwanza unaokoa nini. Juu ya mzizi kuna utando mwembamba wa chembe hai unaolishikiza jino kwenye mfupa. Utando huo ukifa, jino likirudishwa litaganda kwenye mfupa na kuliwa polepole kwa miaka, hata kama leo limekaa vizuri. Kukauka, kusuguliwa, na kulowekwa kwenye maji ya kawaida ndivyo vinavyouua.

1. Lishike kwa upande wa kutafunia. Usiguse mzizi.
2. Kama ni safi, liache. Kama lina mchanga, lisuuze kwa maziwa, kwa maji ya chumvi ya hospitali, au kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa sekunde zisizozidi 10. Hakuna sabuni, hakuna spiriti, hakuna kukwangua nyama zilizoning'inia mzizini. Nyama hizo ndizo unazozihitaji.
3. Lirudishe palepale. Tazama jino la jirani ili ujue uso upi unakaa nje: upande uliobinuka unaelekea nje, kwenye midomo, uliobonyea unaelekea ndani, kwenye ulimi. Elekeza mzizi kwenye tundu, sukuma taratibu kwa kidole. Utahisi ukinzani kidogo, kama wa kubonyeza sifongo iliyolowa. Hilo ni donge la damu linalosogea. Ukihisi kitu kigumu, acha; huenda kingo za mfupa zimevunjika.
4. Likishakaa sawa na mwenzake, mpe kitambaa kilichokunjwa akiume ili lisitoke.
5. Nenda kwa daktari wa meno sasa hivi.

Kama huwezi kulirudisha, na wazazi wengi hawawezi kwa sababu mtoto hakubali, litie kwenye maziwa baridi kiasi cha kulifunika lote. Hakuna maziwa? Maji ya chumvi ya hospitali yanafaa. Hayapo? Lizungushie karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula pamoja na mate ya mtoto mwenyewe, au ateme mate kwenye kikombe kidogo ulitie humo. Usimwambie mtoto mdogo alifiche shavuni, atalimeza. Maji matupu yaje mwisho kabisa, na ni bora kuliko kukauka tu: chembe za mzizi hufyonza maji hayo, zikavimba na kupasuka.

Jino lililorudishwa ndani ya dakika 15 lina nafasi nzuri kuliko yote. Likikaa kavu kwa dakika 60, utando wake huhesabiwa kuwa umekufa. Hata hivyo usilitupe. Mara nyingi daktari bado atalirudisha ili mfupa usinywee na mtoto asibaki na pengo taya linapokua.

Usijaribu kulirudisha mwenyewe iwapo mtoto hana fahamu kamili, anakohoa kama aliyepaliwa, jino limevunjika vipande, au ana ugonjwa mkubwa wa moyo au wa upungufu wa kinga. Litie kwenye maziwa, uende.

Kliniki itapiga picha ya eksirei, italishikiza jino kwa waya mwembamba unaopinda kidogo kwa wiki 2 hivi, na itaulizia chanjo ya pepopunda, hasa kama jino liliangukia udongo. Jino ambalo mzizi wake umekwisha kukomaa huhitaji kutibiwa kiini, yaani sehemu laini yenye mishipa iliyo ndani ya jino, na kazi hiyo huanzwa ndani ya wiki 2. Hapa ndipo watu wanapopotea: jino halina maumivu, waya umetolewa, miadi inaachwa, na baada ya miezi mzizi unaliwa.

Jino halionekani kabisa

Tafuta kwanza kwenye nguo, sakafuni na ndani ya mdomo uliovimba. Ubonyeze mdomo kwa vidole viwili, kipande kilichojificha huhisika kama changarawe. Mara nyingi "lililopotea" limesukumwa tu juu, ndani ya ufizi. Huenda pia limemezwa, na hilo kwa kawaida hutoka lenyewe na choo.

La kuogopa ni kuvutwa kwenye mapafu. Kikohozi kisichokoma, pumzi inayotoa sauti ya filimbi, sauti iliyokauka ghafla: hospitali mara moja, si kliniki ya meno. Kikohozi kinaweza kutulia kwa saa kadhaa kitu kikiwa bado kimo ndani, kwa hiyo utulivu huo usikudanganye. Jino lisilopatikana likaambatana na dalili hizo linahitaji picha ya kifua.

Jino limelegea, limepinda au limezama

Bonyeza polepole kwa ncha ya kidole, mbele na nyuma, mara moja tu. Kulitikisatikisa kila baada ya saa "kuona kama limekaza" ndiko kunakolizuia kukaza.

Likiuma kuguswa lakini halichezi, au likicheza kidogo na kuna mstari wa damu kwenye ufizi, basi nyuzi zinazolishika zimeteguka. Chakula laini kwa wiki 1, asikate kitu kwa jino hilo, mswaki laini asubuhi na jioni. Kusafisha si hiari hapa. Ufizi ulioumia hupona ukiwa safi, na wengi huacha kupiga mswaki kwa huruma. Daktari alione ndani ya siku chache.

Likiwa limepinda, angalia mtoto akifunga kinywa. Jino la utotoni lililosogea lakini haligusani na la upande wa pili huachwa lijirudishe lenyewe kwa msukumo wa ulimi na midomo. Likimzuia kufunga kinywa, aonwe siku hiyohiyo. La ukubwani lililopinda lisubiri daktari, siku hiyohiyo pia. Usilinyooshe kwa nguvu.

Likiwa limezama, linaonekana fupi kuliko mwenzake au limetoweka kabisa. La utotoni mara nyingi hushuka lenyewe katika miezi 6, wakati mwingine likachukua hadi mwaka. Daktari atalifuatilia bila kulivuta. La ukubwani lililozama ni jeraha zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mzizi na mfupa vyote vimepondwa.

Na kama ukisukuma jino moja mengine mawili au matatu yanasogea nalo kwa pamoja, si jino tena. Mfupa umevunjika. Dalili nyingine za taya kuvunjika ni meno kutokutana kama zamani, kidevu au mdomo wa chini kufa ganzi, kinywa kutofunguka, au damu kuvilia chini ya ulimi. Usimpe chakula. Mshikilie taya kwa mkono, hospitali.

Jino limemeguka

Kausha kwa kitambaa, washa tochi ya simu, utazame uso wa pale lilipovunjika. Rangi inakuambia kina.

Nyeupe tupu maana yake ni gamba la nje peke yake. Haliumi, au linakwaruza ulimi tu. Linaweza kusubiri siku kadhaa. Ukingo mkali ufunikwe kwa nta ya waya za meno.

Manjano katikati: tabaka la ndani limefunguka, na hewa baridi au maji humshtua mtoto. Aonwe ndani ya siku 1 au 2. Kabla ya hapo vinywaji viwe vuguvugu.

Nukta ya waridi au tone jekundu linalorudi kila ukilifuta: kiini cha jino kiko wazi. Siku hiyohiyo. Kwa jino la ukubwani ambalo mzizi wake haujakomaa, daktari hujitahidi kukiokoa kiini ili mzizi uendelee kukua, na kila siku inayopita vijidudu huingia ndani zaidi. Usijaze chochote pale: si dawa ya meno, si pamba yenye mafuta ya karafuu, si gundi ya dukani.

Kipande ulichookota kitie kwenye maji au maziwa. Hapa maji hayana tatizo, maana kipande hicho hakina mzizi. Kikikaa na unyevu, kinaweza kugandishwa mahali pake na rangi ikalingana kuliko kijazo chochote. Kikikauka hupauka, na hushika vibaya zaidi.

Kuna mvunjiko mmoja ambao hutauona: ule wa mzizi, chini ya ufizi. Jino linaonekana zima ila limerefuka kidogo na linacheza. Picha ya eksirei ndiyo inayouonyesha, na ndiyo sababu kila jino lililopata kipigo kikubwa liende kupigwa picha hata kama "halina kitu".

Jino linauma bila kuanguka

Anza na rahisi. Pitisha uzi wa meno pande zote mbili za jino analolionyesha, kisha asukutue kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja. Mabaki ya chakula yaliyojibana kati ya magego mawili huuma kama jino bovu kabisa, na maumivu hukoma dakika chache baada ya kutolewa. Lakini chakula kikijibana hapohapo kila siku, jua kuna tundu upande usioonekana.

Kama hilo halikusaidia, sikiliza maumivu yenyewe. Yanayokuja kwa kitu kitamu au baridi na kwisha ndani ya sekunde chache ni ya jino linalooza ambalo bado linazibika. Yanayobaki muda mrefu baada ya kuguswa, au kumwamsha usiku bila sababu, yanatoka kwenye kiini kilichokwisha kuathirika. Kuziba peke yake hakutatosha. Yanayochomoza akiuma kitu au ukigonga jino kidogo kwa mpini wa kijiko yanaashiria usaha chini ya mzizi. Mtoto wa miaka 6 anayelalamikia nyuma kabisa, na ufizi umefunika nusu ya gego jipya, huenda ni hilo gego tu linaota na chakula kimeingia chini ya ufizi: mswaki na maji ya chumvi, litatulia kwa siku chache. Kidonda cheupe shavuni nacho mtoto mdogo hukiita jino. Mwisho kabisa kuna sikio na mafua mazito, ambayo huleta maumivu ya magego ya juu.

Dawa ya kutuliza hupimwa kwa uzito wa mtoto, si kwa ukali wa kilio. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Chukua mtoto wa kilo 15: kiwango cha juu ni 15 × 15, yaani miligramu 225. Chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5 itakupa kama mililita 9. Sasa soma chupa ya pili: kuna ile ya miligramu 250 kwa mililita 5, na mililita 9 za hiyo ni miligramu 450, mara mbili ya kipimo. Kosa hili hutokea usiku, chupa ya mtoto mkubwa ikiwa karibu na kitanda. Soma lebo, upime kwa bomba la dawa, si kwa kijiko cha jikoni.

Ibuprofeni ni miligramu 10 kwa kilo, kila baada ya saa 8, baada ya kula, isizidi mara 3 kwa siku. Usimpe mtoto wa chini ya miezi 6 bila daktari, wala mwenye tetekuwanga, anayetapika na kuharisha hadi kukaukiwa, mwenye matatizo ya figo, au ambaye pumu yake huchochewa na dawa za aina hiyo. Aspirini hapewi mtoto wa chini ya miaka 16, wala haibandikwi ufizini, maana huunguza nyama mpaka inakuwa nyeupe. Jeli za ganzi zenye benzokaini ni hatari kwa wa chini ya miaka 2: zinaweza kuizuia damu kubeba oksijeni. Mafuta ya karafuu nayo huchoma ufizi, na mtoto akiyameza ni sumu.

Dawa ya maumivu hununua usiku mmoja tu. Maumivu yakikoma ghafla yenyewe baada ya siku za mateso, usisherehekee. Kiini kimekufa, na kinachofuata mara nyingi ni uvimbe.

Na kwa mtoto mchanga: homa iliyozidi nyuzi 38 haisababishwi na kuota meno. Tafuta chanzo kingine, na ufizi usichanjwe wala kutobolewa.

Ufizi au uso umevimba

Kipele chenye kichwa cheupe kwenye ufizi, juu ya jino lililooza au lililowahi kupigwa, ni tundu la kutolea usaha. Kwa kuwa unatoka, mtoto huenda hana maumivu wala homa, na ndiyo maana wazazi hukiacha miezi. Usikikamue. Miadi ya ndani ya siku chache inatosha. Uvimbe wa rangi ya buluu pale jino linapotaka kutoka ni kifuko cha majimaji tu, na hupasuka chenyewe.

Shavu likivimba ni ngazi nyingine. Jipu la jino la juu huvimbisha shavu kuelekea jicho. La jino la chini hushuka chini ya taya. Matubwitubwi huchanganywa nalo: uvimbe wake unakaa mbele na chini ya sikio, ndewe ya sikio ikainuka, na mara nyingi hushika pande zote mbili. Kwa shavu lililovimba mtoto aonwe siku hiyohiyo. Usikande kwa kitu cha moto, na usimpe antibayotiki zilizobaki nyumbani. Jino lisipofunguliwa au kung'olewa, dawa hupunguza uvimbe kwa wiki kisha unarudi. Mkiwa mnasubiri zamu, chora ukingo wa wekundu kwa kalamu ya wino na uandike saa. Ukivuka mstari, usisubiri tena zamu, waambie.

Nenda hospitali kubwa bila kuchelewa ukiona lolote kati ya haya: jicho linaziba, kinywa hakifunguki upana wa vidole viwili vyake, ulimi umeinuliwa juu, mate yanamdondoka kwa kushindwa kumeza, sauti imekuwa nzito kama ana kitu kooni, chini ya kidevu kumekuwa kugumu, ana homa kali na amelegea. Uvimbe wa chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mkalishe wima, asilale chali, na usimlishe njiani, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Damu haikomi

Baada ya jino kung'olewa, chanzo cha kwanza cha damu isiyokoma ni kuchungulia. Kunja shashi iliyolowa iwe nene kiasi kwamba meno ya pande mbili hayakutani, iweke juu ya tundu lenyewe, aume dakika 20 kwa saa ya ukutani, ameketi. Asifungue, asizungumze. Ukiinua kila baada ya dakika 2 unang'oa donge linaloanza kushika. Chanzo cha pili ni kusukutua: hakuna kusukutua wala kunyonya kwa mrija kwa saa 24. Mate yenye wekundu siku ya kwanza ni kawaida. Kinywa kinachojaa damu si kawaida. Ikishindikana baada ya awamu mbili za dakika 20, rudi kwa aliyeling'oa.

Kikamba kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kikichanika, damu hutoka nyingi mno. Bana mdomo dhidi ya ufizi kwa dakika 10. Kwa kawaida hakishonwi, na ukiuinua mdomo kuonyesha kila jirani anayeingia, damu huanza upya. Ila kikichanika kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa, daktari amwone, na swali la ilitokeaje lijibiwe kwa uwazi, kwani mtoto wa umri huo hajiumizi hivyo mwenyewe kwa urahisi.

Ulimi na midomo: bonyeza kwa dakika 10, kisha barafu ndani ya kitambaa. Kushona kunahitajika jeraha likiachama, likitokeza upande wa pili, au likikata mstari wa mpaka wa mdomo na ngozi. Mpaka huo ukikosewa kwa milimita 1, kovu litaonekana maisha yote.

Kitu kilichochoma kaakaa au nyuma ya koo, kama penseli au mswaki mtoto akiwa anakimbia, usikichomoe. Mishipa mikubwa ya shingo iko karibu. Hata kama kimetoka chenyewe na tundu ni dogo, hospitali.

Mtoto aliyetafuna waya wa umeme ana jeraha la kijivu pembeni mwa mdomo lisilotoa damu wala kuuma sana. Lakini gaga linapobanduka, kati ya siku ya 5 na ya 14, mshipa wa mdomo unaweza kupasuka ghafla, hata akiwa amelala. Aonwe tangu siku ya kwanza, na kila anayemlea ajue kubana mdomo pale kwa vidole viwili, kimoja ndani kimoja nje, huku wakienda hospitali.

Fizi zinazovuja bila kuumia, pamoja na alama za kuvilia damu mwilini, ni za kupimwa damu, si za kubadilishiwa dawa ya meno.

Madogo yanayoleta hofu

Mdomo umevimba na una utando mweupe siku moja baada ya kwenda kliniki: mtoto ameutafuna ukiwa na ganzi, ambayo hukaa saa 2 hadi 3. Utando huo si usaha. Paka mafuta ya kulainisha, utapona kwa wiki 1 hadi 2.

Kofia ya jino, yaani kifuniko kilichowekwa na kliniki juu ya jino, imetoka: itoe kinywani asije akapaliwa nayo, ihifadhi, upige simu kliniki. Waya wa meno unachoma shavu: usukume ulale kwa kifutio cha penseli, au ufunike kwa nta, usiukate, kipande kinaweza kuingia kooni.

Jino jipya limeota nyuma ya la utotoni, chini mbele, meno yakawa safu mbili: si dharura. Alitikise la mbele kwa ulimi. Likiwa halijalegea baada ya miezi 2 hivi, apelekwe.

Jino la utotoni limegeuka kijivu wiki kadhaa baada ya kuanguka. Rangi peke yake haimaanishi kuoza wala kung'olewa, na mengine hurudia rangi yake. Inua mdomo mara moja kwa wiki uangalie ufizi ulio juu ya jino hilo: kikitokea kipele chenye kichwa cheupe, jino likianza kulegea au kuuma, basi kijivu hicho sasa kina maana.